Nilimwapisha Bwana Dresa kwa sheria ya kodi ambayo mwenyewe sikuielewa

Wakuu, amani iwe kwenu. Naona humu hata kijana wa umri wa mjukuu wangu anaitwa mkuu, basi nami nimelizoea, nawaita hivyo hivyo.

Kwa miaka nimekuwa msomaji tu. Napita, nasoma, nacheka, natoka.

Juzi nikakuta uzi mrefu watu wakibishana kuhusu kodi na wastaafu. Sheria ikibadilika nani anaumia, mstaafu ahesabiwe kipato gani, kipi kiachwe. Mmoja akamaliza kwa kuandika kwamba wazee nao walipe, na anayeficha aumbuliwe mbele za watu.

Neno hilo la kuumbuliwa limeninyima raha siku tatu. Nimeona niseme langu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokosa sitajipunguzia. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo, mjini penyewe. Nakaribia miaka tisini. Kisa hiki ni cha miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, nikiwa na miaka kama ishirini hivi, karani mdogo wa kodi.

Kwa vijana, nieleze kidogo.

Zamani zile kila mwanamume mzima alidaiwa kodi ya kichwa. Mwenye nacho na asiye nacho kiwango kimoja. Ukilipa unapewa cheti, na cheti kile ulikitunza kuliko shati lako, maana ukikutwa njiani huna, unalo. Mzee akiishiwa nguvu, jumbe wa mtaa wake anathibitisha kwamba huyu kweli hajiwezi, anasamehewa. Mambo yanaishia hapo.

Halafu sheria ikageuzwa. Ikawa watu wapimwe kwa kipato, anayepata zaidi atoe zaidi.

Ukiisikia, ni haki. Lakini likazuka swali ambalo hatukuwa nalo kabla. Mzee aliyestaafu kazi ya serikali, hana nguvu ya kushika jembe, lakini kila mwezi anapokea pensheni. Huyu ni mzee wa kusamehewa, au ni mtu mwenye kipato?

Pale mjini wastaafu wa namna hiyo walikuwa watano tu. Wengi waliofanya kazi za serikali walipewa kiinua mgongo mara moja wakaambiwa kwaheri. Hawa watano walikuwa na pensheni, na watu wakiwaheshimu kwa hilo.

Wa kwanza wao kwa heshima alikuwa Bwana Dresa.

Jina lake hasa halina haja. Alifanya kazi ya udresa hospitalini miaka mingi, akifunga vidonda, akichoma sindano, akitumbua majipu. Nusu ya mji alikuwa ameishika kwa mikono yake. Mimi mwenyewe aliniuguza nikiwa mdogo, mguu ulioza hadi mama akadhani utakatwa. Alikuja nyumbani kila asubuhi kuusafisha, hakudai hata nazi.

Alipostaafu akawa ndiye anayeswalisha alfajiri katika msikiti mdogo wa mtaani kwetu. Si shehe mkubwa. Ila watu walipenda kusimama nyuma yake.

Macho yake yalikuwa yamefifia. Kwa hiyo alipokwenda posta kuweka fedha kwenye kitabu cha akiba, aliniomba mimi nimjazie karatasi. Siku ya kwanza aliniambia, "Hili liwe letu sisi wawili na Mungu. Hata nyumbani hawajui." Nikamwambia asiwe na shaka.

Sikumuuliza akiba ni ya nini. Na ningemuuliza asingenijibu.

Sasa waraka wa sheria mpya ukaja. Kiingereza kitupu, kile cha mahakamani, sentensi moja inakwenda mistari saba bila kupumua.

Karani mkuu wetu alikuwa Mgoa, mtu wa Goa kule India, tulimwita Bwana Pinto. Alikuwa likizo kwao. Bwana mkubwa, yaani mkuu wa wilaya, naye alikuwa safarini vijijini. Akaniachia agizo kwamba niusome ule waraka, niwaite wastaafu, niwaeleze yanayowahusu, na niandike majina ya wanaopaswa kulipa.

Wakuu, nilivimba. Nilikuwa na kaptula nyeupe iliyopigwa pasi hadi inakata, soksi hadi magotini, na sasa nina waraka wa serikali mkononi. Nilipita nao sokoni makusudi.

Niliusoma mara nne. Ukweli ni kwamba sikuuelewa. Nilishika neno hapa, neno pale, katikati giza.

Kwenye sehemu ya wastaafu kulikuwa na neno "save", limekaa kabla tu ya maneno yanayowataja wazee wenye pensheni.

"Save" nalijua. Tulifundishwa shuleni kwamba ni kuweka akiba. Basi nikaunga. Kodi mpya inawahusu watu wa vipato vyote, na akiba za wazee wenye pensheni. Yaani mstaafu ahesabiwe pensheni yake, kisha na akiba yake juu.

Nilihisi haijakaa sawa. Hilo nalikiri. Mwalimu wa shule alikuwa anakaa hatua chache kutoka ofisini, Kiingereza chake kimenyooka. Ningeweza kutembea pale na kumuuliza, "Mwalimu, hapa pana maana gani?"

Sikwenda. Niliona nikienda, kesho mji mzima utajua kwamba karani hajui kusoma waraka wake.

Nikawaita wazee.

Walikuja asubuhi, wote watano, kanzu safi, kofia. Wakakaa kwenye benchi la barazani mwa ofisi. Siku hiyo ilikuwa ya malipo, watu wengine walikuwa wamepanga foleni uani, kwa hiyo maneno yalikuwa yanasikika.

Nikawasomea kwanza kwa Kiingereza, kwa sauti, wakati hakuna aliyekuwa akielewa. Kisha nikawafasiria hivyo nilivyounga.

Mmoja wao, sajenti mstaafu, mtu wa sauti nzito, akauliza kama ni kweli hata kilichowekwa kando kwa ajili ya sanda kinatozwa. Nikamjibu kwamba serikali haikutaja sanda. Watu uani wakacheka. Mimi nikafurahi kwamba nimewachekesha.

Bwana Dresa akauliza kwa upole kama hakuna mlango wowote kwa mzee. Alisema sheria ya zamani ilikuwa nao, na si kawaida mlango kuzibwa bila kuachwa hata dirisha. Alitaka niangalie tena.

Niliinamisha uso kwenye karatasi, nikapitisha macho, nikasema hakuna.

Nikaanza kuwauliza mmoja mmoja akiba yake. Sajenti akasema yake huku ananung'unika. Wa pili, wa tatu, wa nne wakasema. Vijifedha vidogo, wengine ndani ya chungu, mwingine kwa mwenye duka. Nikaandika.

Ikafika zamu ya Bwana Dresa. Akasema hana.

Hapa ndipo penye aibu yangu, wakuu. Ningeweza kuandika "hana" nikaendelea. Nani angejua?

Lakini sajenti alikohoa kile kikohozi cha maana, akasema chini chini kwamba wenye kuswalisha siku zote huwa hawana. Nami nikaona wananitazama, wanangoja kama nitampendelea. Nikataka waone kwamba karani huyu hampendelei mtu.

Nikamwambia, "Bwana Dresa, naomba uape."

Sheria haikutaka mtu aape. Hilo nililitunga palepale.

Akanitazama kitambo. Macho yake hayakuwa yakiona vizuri, lakini alinitazama. Nadhani alikuwa ananisubiri nirudi nyuma. Sikurudi.

Akasema, "Wallahi, sina akiba."

Nami nikamwambia, "Na kile kitabu cha posta ninachokujazia?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwanamke mmoja kwenye foleni alisema "Astaghfirullah" kwa sauti ndogo, sikujua anamwambia nani kati yetu.

Bwana Dresa aliangalia mikono yake. Akasema, "Andika." Kisha akataja kiasi, sawasawa na kilichokuwemo kitabuni, hakupunguza kitu. Akasimama, akatafuta ngazi kwa mguu, akashuka.

Nilimtazama anavyokwenda na nikajiambia nimefanya kazi yangu.

Alfajiri iliyofuata hakuswalisha. Alisimama safu ya nyuma kabisa, karibu na viatu. Walipomsogeza mbele akakataa kwa kichwa. Hakuna aliyemlazimisha, na hilo nadhani lilimuuma zaidi.

Mjini maneno yakaenea. Si kwa ubaya sana, watu wa kwetu hawana matusi kwa mzee. Lakini mtu akitaka kuhakikishiwa jambo sokoni akawa anaambiwa, "Usiniapie kiapo cha Dresa." Neno hilo lilikaa mjini miaka.

Wazee wote watano walilipa kodi ile. Baada ya wiki chache nikasikia Bwana Dresa amehama. Amekwenda kijiji cha Mkange, kwa binti yake. Mkewe alikuwa ameshafariki, wanawe wa kiume wawili wakabaki na nyumba.

Bwana Pinto akarudi kutoka likizo.

Alipitia madaftari yote, ndiyo tabia yake. Akafika kwenye orodha yangu, akaniita, akaniuliza kwa nini wazee hawa watano wamo. Nikamwonyesha waraka, nikaweka kidole kwenye lile neno.

Alisoma. Akavua miwani. Alikuwa mwenyewe anakaribia kustaafu, sheria za pensheni amezisoma kuliko Biblia yake, kwa sababu zinamgusa mfukoni.

Akaniambia, "Kijana, hapa 'save' si akiba. Ni isipokuwa."

Isipokuwa wazee wenye pensheni.

Ule mlango aliouuliza Bwana Dresa ulikuwepo. Ulikuwa chini ya kidole changu.

Wakuu, nimepita mengi. Nimezika watoto wawili. Lakini siku ile bado haijanitoka.

Bwana Pinto hakunifokea. Alisema fedha za wazee zirudishwe, orodha ifutwe, na mimi niwaite niwaeleze kosa. Alisema, "Ukieleza wewe mwenyewe, litakwisha."

Nikawaita wanne waliobaki. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku na mchana. Nilipowaona wamekaa kwenye benchi lile lile, ulimi ukageuka.

Nikawaambia serikali imewasamehe.

Sajenti akauliza ni nani aliyewasemea. Nikanyamaza, nikatabasamu kidogo. Yaani sikusema ni mimi, ila nilinyamaza ule unyamavu wa mtu anayeficha wema wake. Wakaniombea dua palepale, mikono juu, nami nikasema amin.

Kesho yake sajenti alileta kuku nyumbani kwetu. Mama akampika kwa nazi. Nilimla.

Sijui kama kuna jambo nililofanya maishani linalonuka kuliko kumla kuku yule.

Fedha ya Bwana Dresa ilibaki ofisini kwenye bahasha. Nilingoja nani atakwenda Mkange nimkabidhi. Watu walikwenda, sikuwapa. Miezi ikapita. Mwisho Bwana Pinto akaniambia nichukue ruhusa ya siku nne, nichukue baiskeli, nisirudi bila sahihi ya mzee.

Njia ya Mkange wakati ule ilikuwa mchanga na pori. Nilivuka mto Wami kwa mtumbwi, baiskeli imelala juu ya magunia. Nililala njiani kwa watu nisiowajua, wakanilisha ugali na samaki mkavu, hawakuniuliza mimi ni nani. Nilikuwa naomba moyoni wasiniulize.

Nilimkuta amekaa mlangoni anachambua dawa za mizizi kwa kuzipapasa. Nikasema, "Shikamoo, Bwana Dresa." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Mguu wako haukusumbui kwa baiskeli?"

Aliijua sauti. Na mguu aliukumbuka.

Nyumba ya binti yake ilikuwa mpya, ya udongo, ndefu. Upande mmoja umeezekwa bati, upande mwingine makuti, na makuti yenyewe yalikuwa ya dharura, unaona mbingu. Binti akanitolea kiti, akarudi ndani. Hakunisalimu sana.

Nikatoa bahasha. Kisha nikaeleza. Safari hii nilieleza yote. Lile neno, mwalimu ambaye sikumuuliza, kiapo nilichokitunga, kuku wa sajenti. Nililia. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja nikilia mbele ya nyumba ya watu, wapita njia wanatazama.

Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akanieleza akiba ile ilikuwa ya nini.

Binti yake alikuwa ameachwa, na hakutaka ijulikane mjini. Mzee alikuwa anamwekea bati za nyumba kidogo kidogo, kimya, kwa sababu wanawe wa kiume walikuwa na mdomo na mkono mrefu. Siku nilipotaja kitabu cha posta mbele ya watu, wanawe walisikia kabla ya adhuhuri. Wakamjia. Wakasema kumbe baba una fedha na sisi tunahangaika. Walimbana wiki nzima, na siri ya dada yao ikatoka humo humo. Akawagawia. Kilichobaki kilitosha upande mmoja wa paa.

Kodi niliyomrudishia ilikuwa kidogo sana, wakuu. Alichonyang'anywa hakikuwemo kwenye bahasha.

Nikamwambia nikirudi nitawatangazia watu kwamba sheria haikumdai kitu, kwamba kosa lote ni langu, na yeye arudi mbele aswalishe.

Akatikisa kichwa. Akasema, "Wewe ulikosea Kiingereza, lugha ya watu. Mimi niliapa uongo kwa Kiswahili, na kila neno nililijua maana."



Nikajaribu kusema kwamba mimi ndiye niliyemtia kwenye kiapo. Akasema hilo ni kweli, na kwamba atanisamehe, ila nimpe muda, kwa sababu hataki kunidanganya kwa kusema amesamehe leo. Kisha akasema neno moja zaidi. Nisimtakase yeye. Ila wale wanne niwaambie ukweli, kwa sababu walinishukuru kwa kitu ambacho sikuwapa, na shukrani hiyo ni mali yao.

Nikaahidi. Akapiga sahihi, nikamshikia mkono kuelekeza kalamu, kama tulivyofanya posta.

Nilirudi Bagamoyo na nia safi. Siku ya kwanza sajenti alikuwa anaumwa. Siku ya pili nilisema ngoja Ijumaa. Ijumaa wakanikaribisha nikae nao, wakanisifu mbele ya wageni kwamba huyu ndiye kijana wetu. Nikakaa.

Mwaka uliofuata nikahamishwa Dar es Salaam, nikapandishwa cheo. Katika barua ya kunipandisha waliandika kwamba nina busara na wazee.

Bwana Dresa alifariki kabla ya Uhuru. Habari ilinifikia wiki tatu baadaye. Sikujua kama ule muda alioomba ulikuwa umekwisha au bado, na hakuna wa kumuuliza. Binti yake nilimwandikia mara mbili, hakujibu, na ana haki.

Wale wanne nao wakafa mmoja baada ya mwingine. Wote walikwenda wakiamini kwamba niliwatetea.

Siku ya mazishi ya sajenti nilisimama kaburini, mwanawe akanishika mkono akasema, "Mzee alikuwa anakutaja kwa wema." Hata hapo, udongo bado mbichi, nilisema asante.

Basi leo nimesema. Najua nimechelewa miaka karibu sabini, na wenye haki ya kusikia hawapo. Kama humu kuna mjukuu wa wazee wale, babu yako hakusamehewa na mtu. Hakuwa anadaiwa tangu mwanzo. Dua alizoniombea zilikuwa za bure, na kuku yule nadaiwa.

Niliyojifunza ni haya. Sheria ya kodi ikibadilika, anayemfikia mzee hafiki na sheria. Anafika na ufahamu wake yeye, na kiburi chake. Ninyi mnaofanya kazi kwenye madirisha ya ofisi, neno usilolielewa liulize. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja, nimeipima na ile nyingine.

Na yule ndugu aliyeandika kwamba wazee waumbuliwe, sina ugomvi nawe. Nilikuwa na umri kama wako.

Ninachotaka kwenu ni kitu kimoja. Kile kiapo cha uongo, kiko juu ya nani? Yeye alisema ni chake. Mimi nasema ni changu. Mwenye elimu ya dini, au mwenye uzoefu wa maisha tu, aandike hapo chini bila kunionea haya kwa sababu ya umri. Nitasoma yote, polepole.